Upande wa Ndani wa Dirisha la Masijala

"Karani, sasa hapa niandike nini?"

Nimeulizwa hivyo kuliko ninavyoulizwa hali yangu. Kwanza ilikuwa ofisi ya kata, nilipokuwa katibu wa baraza. Baadaye ikawa masijala ya mahakama ya mwanzo, ambako cheo changu kwenye karatasi ya mshahara ni msaidizi wa kumbukumbu, ila sijawahi kumsikia mwananchi akiniita hivyo. Kwao mimi ni karani tu. Mtu ameshika fomu, kalamu kaazima kwangu na hatairudisha, foleni nyuma yake imefika kwenye mwarobaini, na anataka nimwambie aandike nini.

Kisheria mimi si mshauri wake. Napokea, nasajili, natunza, natoa. Tuliambiwa hivyo tulipoajiriwa na tunakumbushwa kila anapokuja mkaguzi. Lakini huyu aliyesimama dirishani amuulize nani? Kwa miaka mingi hapa Tanzania mawakili hawakuruhusiwa kabisa kumsimamia mtu kwenye mahakama ya mwanzo. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa kidogo, pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi, na hata hapo wakili ana bei yake. Anayedai laki mbili na nusu za mbuzi hawezi kumlipa wakili laki tano. Anakuja kwangu.

Kanuni zenyewe zilimfikiria mtu wa namna hii, kwa sababu kwenye madai zinaruhusu mtu aeleze shida yake kwa mdomo na hakimu aiweke kwenye maandishi. Ila hakimu yupo ndani anasikiliza mashauri ya tangu mwaka jana, na wazee wa baraza wanasubiri, na polisi wameleta mahabusu. Kwa hiyo maelezo ya mdomo huishia dirishani. Mimi nilijiwekea mpaka: nitakwambia uende wapi, lini, na uje na nini, useme nini, hilo ni lako. Mpaka wenyewe unasogea kulingana na sura ya aliyesimama mbele yangu, sitadanganya.

Chukua mama anayefika asubuhi, kitenge amekikaza kiunoni. Anaanza tangu harusi. Mume, mawifi, bati alizonunua kwa pesa ya maandazi, shamba la mihogo lililouzwa yeye akiwa msibani, kipigo cha mwaka juzi. Namsikiliza huku kichwani napanga. Kipigo ni jinai, aanzie polisi. Bati ni mali ya ndoa. Shamba, ikiwa ugomvi ni wa nani mwenye ardhi, sisi hatuna mamlaka nalo tangu ilipokuja Sheria ya Mahakama za Ardhi ya mwaka 2002. Hiyo inakwenda kwenye mabaraza ya ardhi. Talaka haipokelewi kabla hajapita baraza la usuluhishi wa ndoa, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndivyo inavyotaka, na baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo limpe hati ya kuja nayo. Basi baada ya kunisimulia maisha yake yote, jibu analopata ni: "Mama, anzia baraza kwanza, kisha urudi." Ananitazama kana kwamba nimemfukuza.

Na akirudi na hati ya baraza, kazi yangu ya kwanza ni kuivunja ile simulizi. Kuna rejista ya madai, rejista ya jinai, rejista ya mirathi, na kila moja ina safu zake: namba, tarehe, majina ya wadaawa, aina ya shauri, hatima. Mawifi hawana safu. Msiba hauna safu. Nimeona watu wakishinda kesi na bado wakatoka wamenuna, kwa sababu lile lililowauma hasa halikupata nafasi ya kuandikwa popote.

Nilipokuwa kata mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kule kila kitu kinasikilizwa, ila kinaandikwa vibaya.

Baraza la Kata lina sheria yake ya mwaka 1985. Kwa mashauri ya ardhi, ile ya 2002 ilitaka wajumbe wasipungue wanne wala wasizidi wanane, na watatu wawe wanawake. Hadi mwaka 2021 baraza lilikuwa linaamua migogoro ya ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 3. Fikiria maana yake: wazee wa kata, wengi elimu yao ya msingi, wameketi kwenye mabenchi ya shule jioni, wanaamua nani alale kwenye shamba lipi. Niseme ukweli, hekima ya pale niliipenda. Wajumbe walikwenda shambani wenyewe, wakaonyeshwa mpaka, wakamkumbuka marehemu aliyepanda ile minazi na mwaka aliopanda. Hakuna hakimu wa mjini angeyapata hayo.

Lakini ushahidi wote ule ulibaki vichwani mwa wajumbe. Kwenye karatasi iliandikwa "Baraza limeketi leo na wajumbe wote", basi. Wajumbe gani? Wanawake wangapi? Mjumbe aliyesikiliza siku ya kwanza ndiye aliyetoa maoni siku ya mwisho? Na mara nyingine katibu, ambaye si mjumbe, naye jina lake lipo kwenye orodha ya waliotoa uamuzi. Aliyeshindwa akikata rufaa, jalada linapanda baraza la ardhi la wilaya, kisha Mahakama Kuu, na kule juu jaji hamjui Bi mkubwa, mjumbe wetu, aliyeketi pembeni ya dirisha siku nzima akisikiliza. Anaona karatasi haimtaji. Zimefutwa kesi nyingi kwa sababu hiyo tu, akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, haionekani, na watu waliokwishapoteza miaka wakaambiwa waanze upya. Kipindi kile nilikuwa naandika majina yote na jinsia zote mpaka mwenyekiti akanitania kwamba naandaa orodha ya harusi.

Marekebisho ya 2021 yalilinyang'anya baraza kazi ya kuamua ardhi. Sasa linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila mapatano mtu anaruhusiwa kusonga mbele. Wanasheria walishangilia. Mimi nina mashaka. Kilichokuwa kinaharibika pale ni uandishi, na uandishi unafundishika. Badala ya kuwapa mabaraza makatibu waliofundwa, tukawanyang'anya wazee kazi waliyokuwa wanaijua.

Ofisi ya kata kwa siku za kawaida, nje ya baraza, ni barua. Barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, ya kufungulia akaunti benki, ya mtoto kujiunga na shule, ya kusafirisha mbao, ya kwenda kumdhamini ndugu aliyekamatwa. Kuna siku mtendaji anagonga muhuri mpaka wino unakauka. Barua nyingi zinasema jambo moja: namfahamu huyu, ni mkazi wangu. Je, anamfahamu? Kwenye kijiji, ndiyo, anamfahamu na babu yake. Kwenye mtaa wa mjini ambako watu wanahama kila kodi inapopanda, mtendaji anaandika kwa sababu mwenyekiti kaandika, na mwenyekiti kaandika kwa sababu balozi wa nyumba kumi kasema, na balozi kasema kwa sababu mtu kamwamkia vizuri.

Nilipohamia mahakamani ndipo nikaziona barua zile zinavyofika. Asubuhi mdhamini yupo mlangoni na barua mkononi, mshitakiwa yupo mahabusu, mama yake mshitakiwa anafuta jasho kwenye benchi. Hakimu anaisoma ile sentensi ya "namfahamu" na juu yake anaamua mtu alale nyumbani au gerezani. Kuna wakati barua inakuja jina la mdhamini halifanani na kitambulisho, herufi moja imeruka, Saidi kawa Said, na kijana anarudishwa ndani mpaka Jumatatu. Mtendaji aliyeandika hatajua kamwe. Ningekuwa na uwezo, kila mtendaji wa kata angekaa siku moja kwenye benchi letu, Ijumaa mchana, aone.

Kingine kinachofika ni hati za mauziano ya mashamba. Hizi nazifahamu mwandiko wake, zinaandikwa kwenye karatasi ya daftari, zinashuhudiwa na uongozi wa kijiji, na mpaka unaelezwa hivi: kaskazini anapakana na mzee fulani, kusini mwembe mkubwa, mashariki mfereji, magharibi njia ya kwenda kisimani. Kwa siku ile ni maelezo safi kabisa, maana kila mtu aliyepo anaujua mwembe. Miaka inapita. Mzee fulani kafariki, wanawe wameuza. Mfereji umehama na mvua. Mwembe ulikatwa kuchomea mkaa, na sasa kuna watu wawili wanaapa kila mmoja kwamba kisiki kilikuwa upande wake. Na kwa kuwa kesi ya ardhi hatuipokei, mmoja wao anakimbilia polisi, inafunguliwa jinai ya kuingia kwenye ardhi ya mtu bila haki, na ile karatasi ya daftari inaletwa mbele ya hakimu kama kielelezo. Hakimu anaishia kuwaambia kwamba mwenye ardhi hajajulikana bado, waende wakaamuliwe hilo kwanza. Wanatoka nje wanagombana tena kwa lugha ambayo ingetosha kufungua kesi nyingine.

Kuhusu ile asilimia kumi inayotozwa na baadhi ya viongozi wa mitaa kwa kushuhudia mauziano, serikali imeshasema mara nyingi haina msingi wa kisheria. Inatozwa. Wauzaji wanalipa kwa sababu wanaogopa muhuri ukikosekana. Stakabadhi huioni.

Nikitaja stakabadhi namkumbuka rafiki yangu aliyekuwa mkusanya ushuru wa mazao. Kabla ya mashine za kielektroniki, halmashauri zilikusanya kwa vitabu vya stakabadhi vinavyoitwa HW5, na karani aliyekabidhiwa vitabu alilala navyo chumbani. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka baada ya mwaka zilikuwa zinaorodhesha vitabu ambavyo havikurejeshwa. Wengine waliiba, sibishi. Wengine kitabu kililowa mvua kwenye pikipiki. Kwenye ripoti wote wako safu moja.

Mimi ni mtu wa mkoa wa Tanga, na kwetu ukarani una historia yake. Wajerumani walifungua shule ya serikali pale Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili wapate vijana wa kuandika na kutafsiri, na utawala wao ukaendeshwa kwa Kiswahili kwa mikono ya hao vijana. Waliopokea kijiti chini ya Waingereza ndio waliounda chama cha watumishi Waafrika mwaka 1922, hapohapo Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba, karani wa ofisi ya wilaya. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Karani! Baadaye Rashidi Kawawa, naye aliyeanzia kwenye ukarani serikalini, aliongoza chama cha watumishi wa serikali Waafrika kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Huwa nawatajia vijana wa masomo kwa vitendo wanaokuja ofisini wakidhani wameangukia kazi ya kubeba mafaili. Wanaitikia kwa adabu na kurudi kwenye simu zao.

Ila wananchi wana kumbukumbu ya aina nyingine juu ya karani, na sio nzuri. Ni yule anayesema "jalada halionekani".

Jalada hupotea kweli. Limepelekwa wilayani kwa ajili ya rufaa na halijarudi, au liko juu ya meza ya hakimu aliyehamishwa, au karani wa zamani aliliweka mwaka 2011 badala ya 2012. Masijala yetu ina kabati za chuma, na zilipojaa majalada yakaenda kwenye maboksi ya karatasi za kuchapia, na maboksi yakaenda chini ya ngazi. Lakini jalada linaloonekana ghafla baada ya mtu kutoa "ya vocha" halikuwa limepotea. Tunajuana. Wanaofanya hivyo hawaombi kwa maneno; wanaangalia saa, wanasema mtandao uko chini, wanasema njoo Alhamisi. Mtu kutoka kijijini akiambiwa njoo Alhamisi mara mbili, nauli imemshinda, anajiongeza mwenyewe. Namba ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa cha anayemzungusha. Anayeagizwa arudi Alhamisi hana muda wa kusoma ukuta.

Njoo Alhamisi ina ubaya zaidi ya nauli. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Watu wanaamini hawawezi kukata rufaa bila nakala ya hukumu mkononi, wanakaa wanaisubiri. Kwa rufaa inayotoka kwetu, sheria haiwalazimishi kuambatanisha nakala. Sababu zao za rufaa zinatosha, jalada litaitwa lenyewe. Sasa mtu anakuja siku ya thelathini na tano na nakala yake safi, imegongwa muhuri, na muda umekwisha. Inabidi aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa. Akisema nilikuwa nasubiri nakala, anaweza kuambiwa hiyo si sababu. Hili nalisema dirishani kila mara, kwa sauti, hata kwa asiyeuliza. Kama ni ushauri wa kisheria basi nimeutoa.

Na aliyeshinda naye hajui kwamba bado. Anasomewa hukumu, anashukuru Mungu, anakwenda nyumbani kusubiri pesa. Hakuna atakayempelekea. Lazima arudi aombe kukaza hukumu, aonyeshe mali ya mdaiwa iko wapi. Nimewaona wakirudi baada ya mwaka kuuliza mahakama imekwama wapi.

Ilikuwa vigumu zaidi zamani kwa wale ambao shauri lao lilipanda. Ndugu wawili wamegombana kwa Kiswahili, wameshuhudia kwa Kiswahili, hakimu wa mwanzo kaandika kwa Kiswahili, kisha hukumu ya rufaa inarudi kwa Kiingereza kurasa kumi na mbili. Wanaileta kwangu wote wawili, wamesimama mbalimbali, wananiuliza nani kashinda. Nilikuwa nafungua ukurasa wa mwisho. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, safari hizo zimepungua.

Mirathi ningeiandikia makala yake. Kwa leo niseme hili tu: wanafamilia wanakuja na muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa vizuri, saini zote zipo, na mimi kazi yangu ya kwanza ni kuhesabu watoto. Kuna mihtasari ina watoto sita na cheti cha kifo kimeletwa na wa saba. Msimamizi akishateuliwa anapewa Fomu Namba 4, ndiyo hati ya uteuzi wake, na anatakiwa ndani ya miezi minne alete orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo, Namba 6. Namba 4 inagombewa mpaka watu wanataka kupigana kwenye korido. Namba 5 na 6 tunazisubiri. Nimewapigia simu wasimamizi wakaniuliza, "Kwani haijaisha?" Nyumba imeshauzwa, wajane wamehamia kwa watoto wao, na jalada kwangu bado liko wazi.

Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki na ada inalipwa kwa kontroo namba kwenye simu. Katika mambo yote niliyoyaona, kontroo namba ndiyo iliyowapunguzia ulaji wale wa njoo Alhamisi, kwa sababu pesa haipiti tena mkononi mwa mtu na tarehe ya kusajili haigeuzwi kwa kalamu. Naiunga mkono.

Ila mfumo unataka barua pepe, na mzee wa miaka sabini hana. Anavuka barabara kwenda steshenari. Kijana wa pale anamtengenezea barua pepe, anamwandikia madai, anaskani viambatisho, anapakia. Bei yake inategemea siku. Kijana huyu hajala kiapo, hakaguliwi, na hakuna aliyemwambia mpaka wa kushauri uko wapi, kwa hiyo anashauri kila kitu. Nimeanza kuzitambua hati za steshenari moja kwa aya zake za kwanza, zinafanana zote, hata ya anayedai matunzo ya mtoto ina sentensi ya mkopo wa pikipiki iliyosahaulika humo. Lile swali la aandike nini limehama upande wa pili wa barabara.

Juzi alikuja mama mmoja, shauri lake limefutwa kwa kutohudhuria. Mfumo unaonyesha taarifa ya tarehe ilitumwa, na ilifika. Ilifika kwenye barua pepe ambayo nywila anayo kijana wa steshenari, na kijana amefunga duka, yuko Mbagala anaendesha bodaboda. Nimemwelekeza mama aombe shauri lirejeshwe, na tumempigia kijana. Anasema nywila za wateja wote aliziandika kwenye daftari, na daftari kamwachia mwenye fremu.